Muulize Mwalimu: Mbona Wamarekani bendera yao wanaivaa hadi kaptula?

Wasomaji wangu hamjambo. Tangu nitaje kwa toleo lililopita kwamba niliwahi kufundisha Kiswahili vijana wa kujitolea kutoka Marekani hapa Nakuru, na kwamba nimekaa kwa ndugu yangu Minnesota miezi kadhaa, barua zimekuja nyingi, zingine kwa simu, zingine kwa karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Karibu zote zinauliza jambo moja tu kwa njia tofauti: hawa watu ni akina nani haswa, na mbona bendera yao iko kila mahali? Nimechagua sita. Hili jambo naliwaza sana, juu kwa mtaa wetu nyumba baada ya nyumba iko na mtoto huko ama inamwandaa mtoto aende.

*Mwalimu salamu. Mimi nauza mtumba Kibuye hapa Kisumu. Nikifungua beli ya kaptula na tisheti sikosi nguo ya bendera ya Marekani, wiki jana nimepata mpaka ya kuogelea. Mimi nikishona bendera ya Kenya kwa kaptula si nitashikwa? Kwani hao hawaheshimu bendera yao? — Muuza mtumba, Kibuye*

Ndugu yangu wa Kibuye, wanaiheshimu sana, wengine kutuzidi. Wako na sheria ya bendera ambayo Bunge lao lilipitisha 1942, nayo inasema bendera isivaliwe kama nguo, isiguse chini, usiku isiachwe juu bila taa, na ikichakaa iharibiwe kwa heshima, ikiwezekana ichomwe. Sasa shida ni kwamba hiyo sheria haina adhabu kwa raia wa kawaida, ni kama mwongozo tu, kwa hivyo mwenye kiwanda anachapisha kaptula na hakuna askari wa kumfuata. Sisi sheria yetu inakataza kuidharau bendera na pia inachagua nani apeperushe kwa gari, ni wakubwa wachache tu. Ukikaa huko kwao unaona mwenye pikapu ya kubeba mchanga amefunga bendera kubwa kuliko ya waziri wetu, na hakuna anayegeuka kumwangalia.

Na kuna kisa unafaa kukijua. Mwaka 1984 jamaa mmoja anaitwa Gregory Lee Johnson alichoma bendera mbele ya watu huko Dallas, Texas, kwa maandamano ya siasa. Akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 2,000. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, 1989 majaji watano kwa wanne wakasema kuichoma ni njia ya mtu kusema maoni yake na Katiba inamlinda. Bunge likakasirika likatunga sheria mpya mwaka huo huo, 1990 mahakama ikaitupa tena. Ugomvi wenyewe haujaisha, wanasiasa wanaurudisha kila baada ya muda.

Mimi nikiwa kule nilikuwa na jirani mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, kila asubuhi anatoka na slipasi anapandisha bendera kwa mlingoti mdogo hapo mbele ya nyumba, jioni anaishusha. Upepo ulikuwa umechana ule upande wa mwisho, nyuzi zinaning'inia, na siku moja nikamwona amekaa kwa ngazi na sindano na makasi, anakata pale palipochanika halafu anapiga pindo upya, polepole, hataki kitambaa kiguse saruji kwa hivyo amekilaza kwa magoti kama mtoto. Nikamuuliza mbona asinunue mpya, akasema hii bado. Huyo mzee na yule aliyechoma Dallas wote ni Wamarekani, na wote wanaamini hicho kitambaa kina maana kubwa, la sivyo mmoja hangekishona na mwingine hangejisumbua kukichoma.

Hebu fikiria hivi. Mjaluo ukimuuliza wewe ni nani anakupeleka dala, yaani boma la kwao, kwa baba, kwa babu, mpaka kwa yule babu aliyeipa ukoo jina. Wao kama taifa hawana babu mmoja. Wako na Wacheroki waliokuwa hapo kabla ya meli yoyote, watoto wa waliotoka Ireland kwa njaa, watoto wa walioletwa kwa minyororo, Wamexico, Wachina, sasa na Wakisii. Kilichowashikanisha ni karatasi mbili, Azimio la Uhuru la 1776 na Katiba, na hicho kitambaa chenye milia 13 ya makoloni ya kwanza na nyota 50 za majimbo ya leo. Kwa hivyo kile sisi tunaweka kwa ukoo wao wanakiweka kwa bendera. Halafu nikwambie kitu kitakufurahisha ukiwa Kisumu: Hawaii ilikuwa jimbo Agosti 1959, na mwaka huo huo kijana wa Kogelo, Barack Obama mkubwa, akaenda kusoma huko huko Hawaii, na nyota ya Hawaii, ile ya 50, ikaingia kwa bendera tarehe 4 Julai 1960. Hiyo kaptula yako iko na nyota ya mahali alizaliwa rais wao wa zamani, Barack Obama mdogo, ambaye baba yake ni wa Siaya.

Na kuhusu kushikwa, usishone ya kuuza. Lakini Juni 2024 tuliona vijana wetu hapa Nakuru na huko Kisumu wamejifunga bendera ya Kenya mabegani kwa maandamano, na mimi niliona heshima pale, sikuona dharau.

*Mwalimu, dada yangu ako Texas na mtoto wa darasa la pili. Kila asubuhi mtoto anasimama mkono kifuani anaapia bendera ya Marekani na yeye ni Mkenya kabisa. Sisi huku Kakamega tunaumia. Akikataa atafukuzwa? — Mjomba, Kakamega*

Hatafukuzwa mjomba, na hiyo ilipiganiwa na watoto wenyewe. Kile kiapo kiliandikwa 1892 na mhubiri Francis Bellamy kwa jarida la watoto, wakiadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike. Mwanzoni mtoto alikuwa anasema "bendera yangu", halafu 1923 wakaanza kubadilisha iwe bendera ya Marekani, manake waliogopa mtoto wa mhamiaji anatamka yangu na moyoni anaona ile ya kwao. Unaona hiyo wasiwasi yako wao walikuwa nayo miaka mia iliyopita, upande ule mwingine. Mkono nao ulikuwa unanyooshwa mbele mpaka 1942 walipoona unafanana na salamu ya watu wa Hitler, ndio ukaletwa kifuani. Maneno ya kumtaja Mungu yaliingia 1954.

Sasa huko West Virginia kulikuwa na watoto wa Mashahidi wa Yehova wakafukuzwa shule juu walikataa kuapia bendera, dini yao haikubali. Wazazi wakaenda kortini. Uamuzi ukatoka tarehe 14 Juni 1943, na tarehe 14 Juni kwao ndiyo siku ya bendera, tena wako katikati ya Vita vya Pili, watu wanakufa chini ya hiyo bendera, na Mahakama ya Juu ikasema hakuna mkubwa yeyote wa serikali anayeweza kumlazimisha mtoto kutamka kiapo asichokiamini. Mimi hapo huwa natulia kidogo. Ni rahisi kuachilia watu wakatae wakati wa amani.

Kwa Texas mambo yako hivi: sheria ya jimbo inataka wanafunzi waapie bendera ya nchi na pia ile ya Texas yenyewe, lakini mzazi akiandika barua mtoto anaachiliwa. Dada yako aandike barua fupi kwa mwalimu mkuu, kwa adabu. Mtoto asimame kimya wenzake wakisema, hiyo ni heshima tosha kwa nchi ya wenyewe.

Na msiumie sana, juu sisi tuliosoma enzi za Moi tuliapa pia. Tulisimama gwaride, bendera inapanda, tunasema tunaahidi utiifu kwa Rais na Taifa la Kenya, na ukisikiliza vizuri Rais ametangulia. Kiapo cha Wamarekani hakina rais ndani yake, ni bendera na jamhuri. Nilipoligundua hilo nilikuwa tayari nimefundisha miaka kumi na nilihuzunika, kwa nini hatukuambiwa tuipende nchi kwanza.

*Mwalimu shikamoo. Mwanangu ameoa msichana wa Ohio, wamekuja Bungoma Desemba. Mkaza mwanangu ananiita kwa jina langu, lile la ubatizo, mbele ya majirani! Nimenyamaza lakini roho inaniuma. Ni dharau? — Mama, Bungoma*

Marahaba mama, na pole. Sio dharau, kwake ni upendo, amekusogeza karibu. Hawa watu waliondoka kwa mfalme wakiwa wamechoka na vyeo. Katiba yao inakataza serikali kumpa mtu yeyote cheo cha kizazi kama wale malodi wa Uingereza. Na 1789 walipompata George Washington awe rais wa kwanza, Baraza la Seneti likakaa wiki nzima na zaidi linabishana aitwe nani, kamati ikaleta jina refu la kumwita Mtukufu na Mlinzi wa uhuru wao, mwisho wakakubaliana na Bwana Rais basi. Mtoto aliyelelewa kwa hali hiyo anaona jina lako ni kitu kizuri, kukuita cheo kwake ni kama kukuweka mlangoni.

Lakini mama usinyamaze. Kunyamaza hawakuelewi kabisa hao, sisi tukinyamaza tunaongea, wao mtu akinyamaza wanajua ako sawa. Nilikaa na kijana mmoja wa kujitolea hapa kwangu, siku ya kwanza chai ya asubuhi akaniita jina, nikaweka kikombe chini nikamwambia kijana wangu, huku mwanamke aliyezaa haitwi hivyo, utaniita Mama na jina la kifungua mimba wangu. Akatoa daftari akaandika. Aliandika kabisa! Na tangu hiyo siku hakukosea hata mara moja, miaka miwili. Mwite huyo binti jikoni mkiwa wawili mnachambua mboga, mwambie akuite Mayi, yaani mama, na watoto wakija utakuwa Kukhu, yaani nyanya. Atafurahi, atajua amepewa nafasi kwa boma.

*Je Wamarekani weusi nao husherehekea 4 Julai? Mwaka 1776 si walikuwa watumwa? — Mwanafunzi, Nakuru*

Umeuliza swali ambalo Frederick Douglass aliuliza kabla yako. Yeye alizaliwa mtumwa akatoroka, na tarehe 5 Julai 1852 akasimama Rochester, New York, mbele ya wazungu waliomwalika, akawauliza siku yenu hii ya 4 Julai ni nini kwa mtumwa? Akawaambia hiyo sherehe ni yenu, mimi naomboleza. Lakini, na hapa ndio nakuomba usome kwa makini, hakusema lile Azimio lichomwe. Alisema maneno yake ni ya kweli na nyinyi ndio hamjayatimiza. Thomas Jefferson aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa aliwamiliki watu zaidi ya 600 maisha yake yote. Maneno yalikuwa makubwa kuliko aliyeyaandika, na waliokuwa wamefungwa minyororo ndio wakayashika kwa nguvu kuliko yeye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha, habari ya uhuru ilitangazwa Galveston, Texas, tarehe 19 Juni 1865, na siku hiyo watu weusi waliendelea kuisherehekea wenyewe kwa miaka na miaka, nyama na soda nyekundu, mpaka 2021 ikafanywa sikukuu ya nchi nzima. Kwa hivyo jibu ni ndiyo, wengi wanachoma nyama 4 Julai kama wengine, na wengi wanaona 19 Juni ndiyo yao zaidi, na nyumba moja inaweza kufanya zote mbili. Mwaka 2026 Azimio linafika miaka 250, utasikia mengi kwa redio, basi uwe na Douglass kichwani.

*Mimi ni wa mashua hapa Dunga. Wageni wa Marekani wakiona furukombe wanapiga kelele ati ni ndege ya taifa lao. Ni yeye?*

Sio yeye ila wanafanana sana. Furukombe wetu weupe unashuka mpaka kifuani na tumbo ni la rangi ya kutu, yule wa kwao ni kichwa na mkia tu ndio vyeupe, mwili wote kahawia iliyokolea, na ni mkubwa zaidi. Watu humwita tai mwenye kipara kwa kutafsiri jina lake vibaya, lile neno zamani lilimaanisha mwenye weupe kichwani. Waliweka picha yake kwa muhuri wa taifa 1782, mguu mmoja ameshika tawi la mzeituni na mwingine mishale 13, na cha kushangaza sheria ya kumfanya rasmi ndege wa taifa ilitiwa sahihi Desemba 2024 tu.

Waambie wageni wako pia walikaribia kummaliza. Dawa ya wadudu ya DDT ilikuwa inaingia kwa maji, kwa samaki, kwa ndege, maganda ya mayai yanakuwa membamba mama akiyaatamia yanavunjika. Kufikia 1963 walihesabu jozi 417 peke yake zenye viota, ukitoa Alaska. 1972 dawa ikapigwa marufuku na 2007 ndege akatolewa kwa orodha ya walio hatarini. Wewe uko ziwani kila siku, ukiona furukombe wanapungua Dunga sema mapema.

*Mwalimu, ndugu yangu ni mkimbiaji, sisi ni wa Kapsabet. Ameenda Marekani kwa skolashipu na sasa amekula kiapo cha uraia. Baba amesoma hicho kiapo kwa intaneti, kinasema unaikana nchi yako. Tangu hapo hataki kupokea simu yake. — Dada mtu, Kapsabet*

Dada yangu, hii barua yako nimeisoma mara tatu. Baba amesoma sawa, sitamdanganya. Kiapo kinasema mtu anaacha utiifu wote kwa mfalme au dola ya kigeni aliyokuwa chini yake, maneno ya zamani na ni makali. Lakini Marekani haimpokonyi paspoti yake ya Kenya wala haimwambii airudishe, na sisi Katiba ya 2010 inasema aliye Mkenya kwa kuzaliwa hapotezi uraia akichukua wa nchi nyingine. Kabla ya hapo ilikuwa tofauti. Bernard Lagat, mtoto wa huko huko kwenu Kapsabet, alikula hicho kiapo 2004 wakati sheria yetu ilikuwa bado inakataza uraia wa nchi mbili, na Agosti mwaka huo akatuletea fedha ya mita 1,500 Athens. 2007 huko Osaka akashinda dhahabu ya 1,500 na ya 5,000 akiwa na jezi ya Marekani, na mimi nakumbuka hapa Nakuru watu kwa hoteli waligawanyika, wengine wanapiga makofi, wengine wanasema huyo ametuuza. Mimi nilipiga makofi. Zile mbio alifundishwa na milima ya Nandi, hakuna kiapo kinaweza kutoa hiyo kwa miguu.

Nikwambie nilichoona kwa macho yangu siku ndugu yangu anaapa Minnesota. Ukumbi umejaa, watu wamevaa kama wa harusi. Ofisa akaanza kusoma majina ya nchi moja moja, kila nchi ikitajwa watu wake wanasimama. Ethiopia, wakasimama. Kenya, ndugu yangu akasimama na wengine kama kumi, kuna mama alikuwa na leso imeandikwa ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, amejifunga juu ya suti. Laos, Liberia, Mexico, Somalia. Mwisho ukumbi mzima umesimama na hakuna aliyeambiwa akae. Yaani nchi zao ziliitwa kwanza, kwa sauti, mbele ya jaji, ndipo mikono ya kulia ikainuliwa. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa uchungu na sikulia kwa uchungu. Jioni hiyo tukapika ugali na matoke, kibendera kidogo walichompa akakisimamisha kwa glasi karibu na picha ya mama yetu, akapiga simu Kisii akaongea na wazee saa nzima.

Mwambie baba hivyo. Mtafute mzee mwenzake anayemheshimu aende naye, msimtumie watoto. Na ndugu yako naye apige simu tena na tena hata kama haishikwi, baba anaona jina likitokea.

Halafu kuna ya ofisi, msisahau. Sheria yetu ya uraia ya 2011 inamtaka aliyepata uraia wa pili aarifu serikali ndani ya miezi 3, kwa hivyo aulize ubalozi wa Kenya kule fomu ni gani na aijaze sasa. Na kama ana ndoto ya kurudi kuwa mbunge ama gavana ajue kifungu cha 78 cha Katiba kinamzuia akiwa bado na paspoti mbili. Shamba la baba linaendelea kuwa lake kama mtoto yeyote, hilo pia mwambie mzee, nafikiri ndilo anataka kusikia na hajui aulize vipi.